Mazoezi ya nje hadi uzeeni bila kuumia: maswali na majibu kwa watu wa Mombasa

Kila Januari, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari hujaa watu alfajiri: wanaotembea kwa makundi, wanaokimbia, kina mama na mabuibui yao na raba miguuni. Ikifika Machi wengi hawaonekani tena. Ukiwauliza, wachache watakwambia walichoka. Wengi watakutajia goti, kisigino au kiuno. Hilo ndilo linalonisikitisha, kwa sababu maumivu mengi ya aina hii yanazuilika, na mtu aliyeumia mara moja ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Nilianza vizuri, pumzi ikaja, halafu wiki ya nne goti likaniuma. Nilikosea wapi?

Mwili huzoea mazoezi, ila sehemu zake hazizoei kwa kasi moja. Moyo na mapafu huitikia ndani ya wiki chache. Misuli hufuata. Kano, zile zinazounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo na hujijenga polepole, kwa miezi. Mifupa nayo ni vivyo hivyo. Basi mtu anapofika wiki ya tatu au ya nne anajiona ana nguvu, hahemi tena, akaamua kuongeza mwendo maradufu. Pumzi imemruhusu, kano hazijamruhusu.

Majeraha mengi ya wakimbiaji hayatokani na kuanguka. Hutokana na kurudia hatua ileile maelfu ya mara kwenye kiungo ambacho bado hakijajiandaa. Utasikia watu wakisema usizidishe zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Hiyo ni kanuni ya kukisia tu. Utafiti uliowalinganisha wakimbiaji wapya walioifuata na ambao hawakuifuata haukuona tofauti ya majeraha. Mimi nasisitiza jambo jingine: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza urefu wa safari, usiongeze kasi. Ukihamia mchangani, punguza muda. Ukinunua viatu vipya, usivijaribu siku unayokimbia mbali kuliko siku zote.

Nina miaka 48 na sijafanya mazoezi tangu shule. Nianzie wapi?

Anza kwa kutembea, wala usidhani kutembea ni mazoezi ya wanyonge. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Si lazima ziwe za mfululizo. Kushuka matatu vituo viwili kabla ya kwako na kumalizia kwa miguu kunahesabiwa.

Wastani ni upi? Ni ule mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Tembea hivyo kwa wiki tatu au nne, kisha ukitaka kukimbia, kimbia dakika moja, tembea mbili, urudie. Ikiwa una presha, kisukari, au umewahi kubanwa kifua, muone daktari kwanza.

Mchanga ni laini. Kukimbia ufuoni si salama zaidi kuliko lami?

Mchanga mkavu hupunguza mshindo, ni kweli. Lakini kisigino huzama chini kuliko vidole, na kila hatua huvuta kigimbi na kano ya kisigino kupita ilivyozoea. Mtu aliyezoea lami akaenda kukimbia saa nzima kwenye mchanga mkavu wa Nyali, kesho yake asubuhi atashuka kitandani akichechemea.

Tatizo la pili ni mteremko. Ufuo huinamia baharini, kwa hiyo mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini muda wote, na nyonga na goti hulipa. Dawa yake ni maji kupwa, wakati mchanga uliolowa uko wazi, mpana, mgumu na karibu kulingana. Hapa kuna jambo ambalo wavuvi wetu wanalijua na wakimbiaji wengi hawalifuatilii: kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Anayekimbia saa kumi na mbili asubuhi kila siku atakuta ufuo tofauti kila siku, na baada ya wiki moja hivi, pale alipokuta maji yamepwa atakuta yamejaa, na njia pekee iliyobaki ni ile ya mchanga mkavu wenye mteremko. Siku hiyo panda juu ukakimbilie barabarani au utembee tu. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka, au muulize mtu wa ngalawa.

Peku? Inawezekana, ila anza na dakika tano mwishoni mwa matembezi, uongeze kwa wiki kadhaa. Na utazame unapokanyaga, kwa sababu kuna vipande vya chupa, mawe ya matumbawe na wanyama wa baharini wenye miiba.

Joto la hapa linaniangusha. Nifanye nini?

Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemgusa kwenye mbio hizo, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Joto na unyevu wa siku ile viliwamaliza wakimbiaji wengi waliokuja wakiwa tayari kuliko mimi na wewe tutakavyowahi kuwa. Kwa hiyo usione haya kupunguza mwendo.

Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, basi jasho linatiririka tu bila kukauka, na joto linabaki ndani. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, ndiyo migumu zaidi. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, kuna nafuu. Ukiwa na mpango wa kuongeza mazoezi, uweke kwenye kusi. Kaskazi dumisha ulichonacho. Ukitoka bara, Nairobi au Eldoret, jipe siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi mwili uzoee.

Toka kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kunywa maji kwa kiu yako, na uangalie mkojo: ukiwa wa rangi nzito, hujanywa ya kutosha. Kujilazimisha kunywa lita nyingi mfululizo nako ni hatari, maana hushusha chumvi mwilini. Madafu ni mazuri na yana potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo baada ya jasho jingi kula na chakula chenye chumvi. Wakati wa Ramadhani, matembezi mepesi karibu na magharibi, ili ufuturu mara ukimaliza, au mazoezi baada ya tarawehe, yanafaa kuliko ya mchana.

Kichwa kikikuuma, ukahisi kizunguzungu au kichefuchefu, simama, kaa kivulini. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au akayumba, hiyo ni dharura: mmwagie maji mwili mzima, mpepee, endelea kumpoza huku mkitafuta gari la hospitali. Msingoje afike hospitali ndipo apozwe.

Kunyoosha viungo kabla ya kukimbia kunazuia kuumia?

Kule kusimama na kuvuta msuli bila kusogea hakuna faida kubwa kabla ya mazoezi. Bora utembee dakika tano, uzungushe nyonga, uinue na kushusha visigino, uongeze kasi polepole. Kwa vijana wanaocheza kandanda, kuna mpango wa kupasha mwili moto uitwao FIFA 11+, wa dakika 20, na tafiti zimeonyesha hupunguza majeraha kwa karibu theluthi kwa timu zinazoufanya kweli. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Makocha wa mitaani, tafadhali ufundisheni. Nimechoka kuona watoto wa miaka 16 wakiingia uwanjani kutoka kwenye pikipiki moja kwa moja.

Nimeambiwa kukimbia kunamaliza magoti.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2017 ulikuta ugonjwa wa kulika kwa gegedu (ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa) la goti au nyonga kwa takriban asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha. Kwa wasiokimbia ilikuwa asilimia 10.2, na kwa wakimbiaji wa mashindano 13.3. Kukaa tu hakulindi goti. Uzito nao una neno lake: kila kilo moja unayopunguza, goti hupunguziwa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Viatu vya mitumba vinafaa?

Vinafaa vikichaguliwa. Unapovinunua soko la Kongowea, usitazame jina la kampuni. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa imekauka na haibonyei, povu limekufa. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma. Vikiwa vimelala upande mmoja, vimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kisha vivae utembee. Kiatu kinachokubana dukani hakitakuwa na huruma barabarani.

Maumivu yapi nivumilie, na yapi yanisimamishe?

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya kazi mpya ni kawaida. Maumivu madogo ya kano yanayopoa ukianza kutembea, na kesho yake asubuhi hayajazidi, yanakubali mazoezi mepesi. Maumivu yanayokufanya ubadilishe mwendo, yaani uchechemee, yanakwambia simama. Na ukigusa mfupa, tuseme kwenye muundi au juu ya unyayo, ukapata sehemu moja ndogo inayouma sana, huenda ni ufa mdogo kwenye mfupa. Huo hauvumiliwi, unapimwa.

Kuna tabia inayonitia hofu: kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mechi ili usisikie maumivu. Maumivu ndiyo mlinzi wako pekee uwanjani, nawe umemlaza. Juu ya hayo, dawa hizi pamoja na jasho jingi na upungufu wa maji huweza kuumiza figo.

Kifundo kikiteguka, usikimbilie kukandwa. Siku mbili tatu za mwanzo, kusugua na kuvuta kiungo kilichovimba huongeza damu na uvimbe. Kifunge bandeji, kiinue, kipumzishe. Kama huwezi kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma unapobonyezwa kwa nyuma yake, nenda upigwe picha ya eksirei. Ikiwa si mvunjiko, anza kukisogeza na kukikanyagia mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kulala kitandani mwezi mzima hukidhoofisha. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, fanya mazoezi ya kusimama kwa mguu ule hadi uwe imara kama mwenzake.

Mamangu ana miaka 71. Anaogopa kuanguka, hivyo hatoki. Tumwambieje?

Msimlazimishe kutoka, mwanzieni nyumbani. Misuli hupungua tangu miaka ya 30, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi, lakini hujengeka hata kwa mtu wa miaka 80 akiifanyisha kazi. Mpeni kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Ainuke na kukaa mara tano bila kushika, mikono kifuani. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, miguu ni dhaifu, na hilo ndilo zoezi lake: arudie mara chache, asubuhi na jioni. Kama hawezi bila kushika, ashike, awe anapunguza msaada wa mikono wiki hadi wiki.

Kisha mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba. Asimame kando ya meza ya jikoni, mguu mmoja mbele ya mwingine. Akizoea, mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na meza. Kwa waliofika 65, mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unataka mazoezi ya aina hii siku tatu kwa wiki au zaidi. Mpimeni macho, na kagueni dawa zake na daktari, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na za usingizi huleta kizunguzungu. Ndara zilizolegea ziondoke nyumbani kabisa.

Akipata uhakika, mpelekeni baharini siku ya maji matulivu, mjukuu mmoja kila upande. Maji yanayofika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wake, na magoti yanayokataa ngazi mara nyingi hukubali kutembea humo.

Niliugua, nimekaa wiki sita bila mazoezi. Nirudi vipi?

Rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya, kwa mwendo wa taratibu. Kama ulikuwa ukikimbia dakika 40, anza na 20, ukichanganya na kutembea, siku moja fanya, siku moja pumzika. Ongeza baada ya wiki mbili kama asubuhi huamki na maumivu. Ikiwa ugonjwa ulikuwa wa kifua, homa kali, au ulilazwa, mwombe daktari akusikilize moyo kwanza. Ukisikia mapigo yanaruka, au pumzi inakata kwenye mwendo uliokuwa mwepesi kwako, simama hapo hapo urudi kwake siku hiyohiyo.