Eti vitamini B ikizidi si unakojoa tu?

Wiki hii nimeisikia mara nne, na hii ya nne ndo imenikalisha chini niandike. Kijana wa bodaboda hapa hapa Sinza kaja dirishani kwangu, duka la dawa, anataka vile vidonge vya mishipa ya fahamu, yani mchanganyiko wa vitamini B ambao watu wanameza kwa ajili ya ganzi, nikamuuliza unameza vingapi, akasema vitatu kwa siku, na cha nne siku akiwa na stresi. Nikamwambia kaka, hivyo ni vingi sana. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dokta, hiyo si vitamini B tu, ikizidi unakojoa."

Aliyemfundisha hakumdanganya moja kwa moja, na hapo ndo pagumu, manake nusu ya hiyo sentensi ni kweli. Vitamini B zinayeyuka kwenye maji na figo zinatoa ziada. Ule mkojo wa njano kali unaouona asubuhi ni riboflavini, yani B2, inatoka. Sawa. Ila B ziko nane na kila moja ina tabia zake. B12 inakaa kwenye ini kwa miaka, B6 inajificha kwenye misuli kwa wiki kadhaa. Na hata kile kinachotoka, kutoka kwake hakumaanishi kimepita bila kugusa kitu. Pombe nayo si inatoka mwilini? Ila kabla haijatoka imeshakulewesha.

Lile dai kwamba vitamini B zinaongeza nguvu nalimaliza haraka. Vitamini B hazina nguvu ndani yake, hazina hata kalori moja, kazi yake ni kusaidia vimeng'enya kugeuza ugali na wali kuwa nguvu. Ni kama oili ya pikipiki, ikipungua injini inakufa, ila ikishafika kwenye alama ukimimina lita nyingine haikufikishi Bagamoyo mapema. Ile enaji unayokunywa saa nane mchana ikakuamsha, imeandikwa vitamini B kwenye kopo kwa maandishi makubwa, lakini kinachokuamsha ni kafeini, kama miligramu 80 kwenye mililita 250, pamoja na sukari.

Sasa B6, na hapa naomba unisome taratibu.

Mtu mzima chini ya miaka 50 anahitaji miligramu 1.3 kwa siku. Ukila ndizi, viazi, samaki, kuku, unafika bila hata kufikiria. Sasa geuza boksi la vidonge vya mishipa usome nyuma. Mchanganyiko uliozoeleka ni B1 miligramu 100, B6 miligramu 200, B12 mikrogramu 200. Miligramu 200 kwenye kidonge kimoja. Yule kijana wangu na vitatu vyake anaingiza 600, zaidi ya mara 450 ya anachohitaji, kila siku, miezi kwa miezi, na hakuna aliyewahi kumwambia aache lini.

B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti watu wazima saba waliokuwa wanameza gramu 2 hadi 6 kwa siku, walipoteza hisia miguuni na mikononi mpaka kutembea kukawa shida. Wengi wakisikia gramu 2 wanapumua, wanasema mi sifiki huko. Ila baadaye zimeripotiwa kesi za dozi ndogo zaidi ya hapo, kwa watu waliotumia muda mrefu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ile piridoksini, yani B6 ya kwenye kidonge, ikijaa kupita kiasi, inaizibia nafasi B6 iliyo tayari kufanya kazi, kwa hiyo mwili unaonyesha dalili za mtu mwenye upungufu wakati amejaa pomoni.

Na hili ndo linaloniumiza. Dalili ya B6 kuzidi ni ganzi, miguu kuwaka moto, vidole kuchomachoma, yani kile kile kilichomleta mtu dukani kununua vidonge. Anameza, ganzi inaongezeka, anasema ugonjwa umekomaa, anaongeza kidonge. Jirani anamwambia achome na sindano kabisa, sindano inauma kwa hiyo inaonekana ndo yenyewe. Kila mtu kwenye hiyo kesi ana nia njema, na mguu unazidi kufa.

Kikomo ni kipi basi? Chuo nilifundishwa miligramu 100 kwa siku, na ndo kikomo cha Marekani mpaka leo, nimewaambia watu hivyo kwa miaka. Ila mwaka 2023 wataalamu wa Ulaya walishusha chao kutoka 25 mpaka 12, na Australia tangu 2022 bidhaa yenye zaidi ya 10 kwa siku lazima iwe na onyo la mishipa ya fahamu. Wote ni mabingwa, ila wakafika kwenye namba zinazopishana mara nane. Kwa hiyo mi ile 100 nimeacha kuitamka kwa kujiamini. Sa hivi naangalia muda zaidi: wiki mbili sina hofu sana, miezi sita bila kipimo nakukatalia.

Tafadhali, wewe unayetumia dawa za TB usisome hapa ukatupa B6 yako. Isoniazidi, moja ya dawa hizo, inamaliza B6 mwilini, ndo maana unapewa miligramu 10 mpaka 25 kulinda mishipa. Hiyo ni dozi yenye kazi maalumu, endelea nayo.

Kuhusu stresi na mudi, siwezi kusema ni uongo mtupu. Ubongo unatumia B6 kutengeneza serotonini na GABA, kemikali za ubongo zinazohusika na mudi na utulivu, hilo liko wazi. Na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walitoa utafiti, vijana waliopewa B6 miligramu 100 kwa karibu mwezi mmoja walisema wasiwasi wao umepungua kuliko waliopewa kidonge kitupu. Umefanyika vizuri na mimi naupa heshima. Ila ni mwezi mmoja, ni wasiwasi wa kujieleza wenyewe, na sio sonona. Mtu ambaye hajalala wiki mbili, chakula hakipiti, anawaza kufa, huyo B6 yangu haimtoshi, anahitaji kuongea na daktari leo, na nikimuuzia boksi akaondoka nitakuwa nimemchelewesha.

Wapo ambao B ni dawa kweli. Mgonjwa wa sukari aliyemeza metfomini, dawa ya sukari, miaka mingi, B12 yake inaweza kushuka na ganzi yake ikawa sio ya sukari tu. Aliyemeza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, muda mrefu, asiyekula nyama wala dagaa wala mayai, mzee ambaye tumbo halinyonyi tena. Mnywaji sana anahitaji B1 haraka. Huyo wa upungufu wa B12 usimpe foliki asidi, yani B9, peke yake, kiwango cha damu kitapanda, vipimo vitapendeza, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya. Na dada zangu wa vidonge vya nywele, biotini, yani B7, ikiwa nyingi inaweza kudanganya vipimo vya tairoidi na hata kile cha mshtuko wa moyo, kwa hiyo mtajie wa maabara kabla hajakutoa damu.

Wengine wengi wanaokuja kwangu wamechoka kwa sababu wanaamka saa kumi usiku Mbagala kuwahi gari na wanarudi saa nne. Au damu iko chini. Au sukari. Au mimba. Nauliza hivi vitu dirishani na watu wanakasirika, wanasema si nimekuja kununua.

Mama mmoja muuza vitenge alikubali kuniambia ukweli wote: vidonge viwili kwa siku, mwaka na nusu, miguu haijui kama imevaa kandambili. Nikamwomba aache, nikampeleka kwa daktari apimwe sukari na B12, vyote vikawa sawa. Wiki ya tatu akarudi amekasirika, "Mwanangu, umeniachisha dawa na sasa ndo imezidi." Nilikuwa nimesahau kumwonya, na lile kosa ni langu: B6 ikiachwa dalili zinaweza kupanda kwanza kwa wiki kadhaa ndo zianze kushuka. Tukakaa kwenye benchi nikamweleza upya. Huu ni mwezi wa tano. Mguu wa kushoto unaisikia sakafu, wa kulia vidole viwili bado.