Je, wajua kwa nini pesa za simu zilipunguza safari za kwenda nyumbani?

Siku ya soko pale Bukura, Kaunti ya Kakamega, keti kando ya kibanda cha wakala wa M-Pesa uangalie tu. Nyanya anafungua pindo la leso, anatoa kitambulisho na simu ndogo ya vibonyezo, anamkabidhi wakala vyote viwili. Kabla pesa hazijahesabiwa anauliza, "Ametuma na ya kutoa?" Yaani, je, mwanawe ameongeza ada ya kutolea, au atakatwa yeye?

Swali hilo ndilo chakula cha mwanasosholojia wa teknolojia. Fundi wa mitambo husikia habari ya ada. Mwanasosholojia husikia nani anamjali nani, kwa sababu mama hutumiwa na ya kutoa, lakini mdai wa deni si lazima. Yeye hachunguzi simu inaweza kufanya nini. Anachunguza watu wanaitumiaje, na inabadilisha nini kati yao.

Chukua hiyo M-Pesa yenyewe. Ilipojaribiwa mwaka 2005, nia ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaona njia nyingine: wakaanza kutumiana wao kwa wao. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua Machi 2007, wito ukawa tuma pesa nyumbani.

Ndipo akaja Olga Morawczynski, mwanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alichagua kufanya utafiti Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na papa hapa Bukura, kwa sababu pesa ina ncha mbili: mume yuko mjini akihangaika na vibarua, mke yuko shambani na watoto. Ukikaa upande mmoja tu utasikia nusu ya habari.

Zamani pesa nyingi zilifika na mwenyewe, au na ndugu aliyekuwa akisafiri. Aliyezileta alikula ugali pale, akaona paa linalovuja, akalala. Simu ilipoingia, waume wakaanza kutuma kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Nauli ikaokolewa, na kuna kaya za Bukura ambazo mapato yao yalipanda kwa hadi asilimia 30. Ni nafuu kubwa, wala siidharau hata kidogo. Ila mume ambaye pesa yake inafika bila yeye hana tena sababu ya kupanda basi kila mara. Safari zikapungua. Baadhi ya wake walimweleza Morawczynski hofu yao: asiyekuja nyumbani huenda akapata mwanamke mwingine huko mjini.

Wake hao hao walipata kitu ambacho hawakuwa nacho. Pesa iliyofichwa chini ya godoro mume huiona. Iliyo kwenye simu imefungwa kwa namba ya siri. Tena mke akipungukiwa aliweza kumwomba kaka au dada yake aliye mbali, bila kumngoja mumewe. Kwangu mimi hapo ndipo utafiti huu unapogusa moyo: simu ile ile iliyomweka mume mbali ilimpa mke nafasi ya kupumua.

Bungoma nako, mwanaanthropolojia Sibel Kusimba na wenzake walichora michoro ya nani humtumia nani katika familia. Mistari mingi ilikusanyika kwa akina mama. Aliona pia kwamba wanawake huona wepesi kuomba, jambo ambalo wanaume wengi hulionea haya.

Michoro hiyo hainishangazi. Huku kwetu wapo ndugu wawili ambao hawajasemezana tangu walipogombania mpaka wa shamba. Karo ya mtoto wa mdogo ikipungua, mkubwa hamtumii mdogo wake. Humtumia mama, na mama, bila kuulizwa, humtumia mdogo siku iyo hiyo, na ya kutoa.