Kisanduku cha 13: kurejesha medali zilizoachwa nje ya rekodi ya askari

Mwezi uliopita kaka mmoja kutoka Kakamega aliniletea ofisini kwangu, hapa Nakuru, bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu, ile fomu ya DD 214 ambayo mwanajeshi wa Marekani hukabidhiwa anapoacha utumishi. Aliitandaza mezani, akaibana pembe kwa kidole ili isijikunje, kisha akaniambia, "Sajini, mtu akiisoma hii atadhani sikuwahi kutoka Texas."

Nilianza na kisanduku cha 13, mahali panapoorodheshwa nishani, medali, beji na riboni zote. Palikuwa na mambo matatu: Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa, ambayo hupewa karibu kila aliyekuwa kazini kati ya Septemba 11, 2001 na Desemba 31, 2022, medali ya utumishi katika vita dhidi ya ugaidi, na Riboni ya Utumishi wa Jeshi, ambayo askari huipata baada tu ya kumaliza mafunzo ya awali. Baada ya hapo makarani walikuwa wamefunga orodha kwa mistari miwili ya mshazari na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kuwa hakuna kinachofuata. Nikashuka hadi kisanduku cha 18, ambacho ni cha maelezo ya ziada na ambacho watu wengi hawakisomi kwa sababu maandishi yake yamebanana. Humo, katikati ya sentensi nyingine, palikuwa na neno Afghanistan na tarakimu hizi: 20110305-20120220.

Tarakimu hizo husomwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Jeshi lenyewe lilikuwa limekiri kwa maandishi kwamba mtu huyu alikuwa Afghanistan tangu Machi 5, 2011 hadi Februari 20, 2012, na katika karatasi hiyo hiyo likasahau kumwandikia Medali ya Kampeni ya Afghanistan, ambayo hupatikana kwa siku 30 mfululizo au siku 60 zisizo mfululizo. Si hilo tu. Vita vya Afghanistan viligawanywa katika vipindi rasmi, na kila kipindi alichoshiriki askari huongezewa nyota ndogo ya shaba kwenye riboni ya medali hiyo. Kipindi kimoja kilikwisha Juni 30, 2011 na kingine kikaanza kesho yake, Julai 1. Kwa hiyo kaka huyu hakukosa medali peke yake. Alikosa medali yenye nyota mbili.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ninalowaambia wote wanaokuja kwangu, wawe wanatoka Kisumu, Bungoma, Kisii au hapa hapa mjini: kabla ya kuandika barua ya malalamiko, soma karatasi uliyo nayo kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho, kwa maana mara nyingi ushahidi wa kile kilichoachwa umo ndani yake. Nilikuwa karani wa rasilimali watu katika jeshi hilo, na najua jinsi fomu hizi zinavyotayarishwa. Askari huwa ameshafunga mizigo yake, ana tiketi ya ndege mfukoni, na anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Mimi mwenyewe nilitia sahihi yangu siku kama hiyo, nikagundua baadaye kwamba Medali ya Mwenendo Mwema, ambayo hutolewa kwa kila miaka mitatu ya utumishi usio na doa, haikuandikwa, kwa sababu kikosi changu cha mwisho hakikuwahi kuchapisha agizo lake. Sahihi yako haimaanishi kwamba umekubali makosa yaliyomo, na haikufungii mlango wa kuyarekebisha.

Medali hukosekana kwa njia tatu, na ni lazima ujue yako ni ipi, kwa kuwa kila moja ina mlango wake.

Njia ya kwanza ni hiyo ya kaka wa Kakamega: haki ipo, ushahidi upo, karani hakuandika. Njia ya pili ni agizo lililochelewa. Tuzo za kikosi kizima, kwa mfano, hutangazwa na makao makuu ya jeshi kwa agizo la jumla, na agizo hilo linaweza kutoka muda mrefu baada ya askari kurudi uraiani. Fomu yake haikuwa na kosa siku ilipotiwa sahihi, ila sasa ina pengo. Njia hizi mbili hurekebishwa kiutawala, bila kufika mbele ya bodi yoyote. Unaandika ombi lenye maelezo mafupi, unaambatisha nakala za ushahidi, na kwa askari wa nchi kavu walioacha jeshi tangu Oktoba 2002, ambao faili zao zimehifadhiwa kielektroniki, ombi hilo hushughulikiwa na kamandi ya rasilimali watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Wale wa zamani zaidi huanzia kwenye kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa kutumia fomu ya SF 180. Kituo hicho kiliungua Julai 12, 1973, na takriban asilimia 80 ya faili za askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960 zikateketea. Vijana wetu waliojiunga miaka ya karibuni hawakuguswa na moto huo, ingawa mara kwa mara hukutana nao wakitafuta habari mtandaoni na kuingiwa na hofu bure.

Njia ya tatu ndiyo ngumu. Hii ni medali ambayo kamanda alisema atakupendekezea, au alikupendekezea kweli, lakini karatasi zikapotelea njiani na agizo halikutolewa kamwe. Hapa hakuna cha kurekebisha kwenye fomu, kwa sababu kisheria tuzo yenyewe haijazaliwa. Anayeijua habari hiyo, hasa aliyekuwa katika safu ya amri wakati huo, anapaswa kuandika pendekezo upya, na ikiwa muda uliowekwa umepita, ombi hupitishwa kwa mbunge wa Kongresi ya Marekani ambaye ndiye huliwasilisha jeshini. Huwa sipendi kumpa mtu matumaini makubwa katika hali hii mpaka awe amempata kamanda wake au mashahidi walioona kwa macho na walio tayari kuandika na kutia sahihi.

Kinachotenganisha ombi linalofaulu na ombi linalorudishwa ni agizo. Medali ya kampeni inaweza kuthibitishwa kwa tarehe za kuwa vitani, lakini medali ya sifa ya mtu binafsi, kama ile Medali ya Pongezi ya Jeshi, huhitaji agizo la kudumu lenye namba, yaani hati rasmi ya jeshi inayotoa tuzo hiyo. Namba hiyo ina siri ndogo inayosaidia sana. Ukiona 187-03, tarakimu za mbele ni siku ya mwaka, yaani siku ya 187, ambayo katika mwaka wa kawaida ni Julai 6, na zile za nyuma ni agizo la tatu la siku hiyo. Mtu akikumbuka namba hata nusu, tunaweza kujua pa kutafuta.

Nilijifunza thamani ya namba hiyo nyumbani kwa mama mmoja huko Nyamira, ambaye mwanawe alifariki miaka michache baada ya kuacha jeshi. Fomu ya marehemu haikuwa na Medali ya Pongezi, na mama alishikilia kwamba aliipata. "Mwanangu, mimi sijui mambo ya fomu," aliniambia, "lakini najua alichonipa nitundike." Akaninyooshea ukutani, juu ya viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na hapo palikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo kilichofifia kwa moshi. Tulikitoa, nikakipangusa kioo kwa mkono wa shati langu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, palikuwa na namba ya agizo la kudumu pamoja na tarehe. Cheti kilichokuwa pambo la sebule ndicho kilichokuwa ushahidi wenyewe.

Kilichotuchelewesha hapo ni majina, wala si medali. Hili huwasumbua sana watu wa kwetu, na ni vyema nilieleze kwa urefu. Kijana anaondoka hapa na majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa. Akifika huko mfumo unataka jina moja la mwisho, na jina linalowekwa mwisho linaweza kuwa la baba, la babu au hata lake mwenyewe. Anapofariki, cheti cha kifo kinaandikwa kwa mpangilio wa hapa. Karani wa St. Louis anayeshika karatasi hizo mbili hana namna ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Jamaa wa karibu wanaoruhusiwa kuomba ni mjane au mgane ambaye hajaolewa au kuoa tena, mtoto, mzazi, na ndugu wa kuzaliwa. Kwa hiyo lazima uthibitishe mambo mawili, kwamba marehemu ndiye aliyetajwa kwenye fomu, na kwamba wewe ni mtu wake. Mimi hushauri familia isitegemee barua ya chifu peke yake. Tuliambatisha cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili ikieleza kwamba majina yote yaliyotajwa ni ya mtu yule yule, pamoja na namba yake ya hifadhi ya jamii ya Marekani.

Ombi la kiutawala likikataliwa, ndipo tunapokwenda kwenye bodi ya kurekebisha rekodi za jeshi kwa fomu ya DD 149. Kila tawi la jeshi lina utaratibu na kanuni zake za tuzo, basi aliyekuwa mwanamaji asifuate niliyoandika hapa kuhusu Fort Knox. Sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya miaka mitatu tangu mtu agundue kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na huwa naeleza wazi kwenye ombi ni lini kosa liligunduliwa na kwa nini halikuonekana mapema. Bodi haifanyi uchunguzi kwa niaba yako. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo uko juu yako.

Watu huniuliza kama medali itaongeza malipo ya kila mwezi. Kwa kawaida haiongezi. Lakini Moyo wa Zambarau, medali anayopewa aliyejeruhiwa na adui, humpandisha mtu daraja katika matibabu ya wastaafu, na beji ya mapigano huweza kumsaidia anayedai fidia kwa majeraha ya akili aliyoyapata vitani, kwa sababu inathibitisha kwamba alikuwa mahali anaposema alikuwa. Nimeona wanaume wakishindwa kueleza usiku wao mbele ya daktari, na karatasi ikaeleza kwa niaba yao. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba hizi ni riboni tu.

Ombi la kaka wa Kakamega limeshaondoka, likiwa na nakala ya fomu yake, agizo la kumpeleka Afghanistan, na stakabadhi ya mshahara inayoonyesha posho ya hatari. La mama wa Nyamira lilijibiwa. Jeshi halikumtumia DD 214 mpya, kwa sababu ile ya awali haibadilishwi. Lilimtumia DD 215, karatasi moja yenye mstari unaosema kwamba kwenye kisanduku cha 13 iongezwe Medali ya Pongezi ya Jeshi. Aliniuliza kama aiweke nayo kwenye kioo. Nilimwomba aweke nakala ukutani, na ile halisi aipige pini pamoja na fomu ya kwanza kwenye bahasha moja, kwa kuwa moja bila nyingine haijakamilika. Alikwenda chumbani akarudi na bahasha, akazihesabu karatasi mara mbili, akaifunga.