Tatizo halikuwa bango

Wengi hudhani kufikisha ujumbe wa afya kwa jamii ni kutafsiri bango tu, na watu wakikataa basi ni ujinga wao. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kuua zaidi ya watu 2,200 hadi ulipokoma Juni 2020, unasema vingine.

Familia za waliokufa zilikuwa zikikabidhiwa mfuko wa maiti uliofungwa, usiopenyeza hata kivuli, zikaambiwa ndugu yenu yumo. Wewe ungekubali? Minong'ono ikaenea: viungo vimeibwa, au humo hamna maiti kabisa. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliyaandika maneno hayo badala ya kuyabeza, na hatimaye ikaletwa mifuko ya kuonea ndani. Wafiwa wakauona uso wa mtu wao kabla ya udongo, na kinga haikupungua.

Lugha nayo ilikuwa na lake, sikatai. Kule Beni na Butembo, tangazo la Kifaransa, au la Kiswahili cha vitabuni, lilimpita bibi anayeongea Kinande kama upepo. Ila hata lingekuwa la Kinande safi, lisingemwonyesha aliyemo mfukoni.