Hisabati si ya wahandisi peke yao

Hapa Bukavu imezoeleka kusemwa kwamba hisabati ya sekondari ina maana kwa atakayekuwa mhandisi tu, na kwamba wengine huikariri ili wafaulu mtihani wa taifa, kisha waisahau. Dhana hiyo si sahihi, ingawa naielewa: hakuna anayetatua mlinganyo wa kipeo cha pili akiwa sokoni Kadutu.

Tuchukue mfuko wa unga wa faranga 50,000. Bei ikipanda kwa asilimia 20 inakuwa 60,000. Ikishuka tena kwa asilimia 20, wengi watasema imerudi palepale, kumbe ni 48,000, kwa sababu punguzo limehesabiwa juu ya bei mpya. Aliyezoezwa kuuliza "asilimia 20 ya nini?" hakosei hapo.

Swali hilo ndilo lengo lenyewe. Mwalimu anapothibitisha kuwa pembe za ndani za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180, hafundishi namba tu, ambayo hata kipimapembe kingeikaribia. Anaonyesha kwamba kupima pembetatu elfu moja hakuthibitishi lolote kuhusu zile ambazo hazijapimwa, ilhali hoja moja iliyojengwa vizuri inazimaliza zote.