Kivuli cha hekalu la Thanjavur kinaanguka chini kama kawaida

Miaka nenda rudi watu wanaambizana eti lile hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, kule Thanjavur, kusini mwa India, mnara wake hauna kivuli. Si kweli jamani. Mnara una zaidi ya mita 60, asubuhi na jioni kivuli kimelala uani kila mtu anakiona, ila mchana jua likiwa utosini kinakuwa kifupi kinaishia kwenye kitako kipana cha jengo lenyewe, ndo watu wanadhani hakipo.

Inaniuma maana maajabu ya kweli yamechongwa ukutani hapohapo, kwa Kitamil, na wengi wanayapita tu. Mfalme Rajaraja wa Kwanza, aliyelijenga hekalu hilo, aliagiza ichongwe orodha ya zawadi zote zilizotolewa hapo, zake, za dada yake Kundavai, za wake zake na za watu wengine. Chungu cha shaba kilichopakwa dhahabu cha kuweka kileleni, imeandikwa kabisa alikitoa siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, yaani 1010. Halafu kuna wanawake wacheza ngoma kama 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kaandikwa jina, hekalu alikotoka, posho yake ya mpunga, mpaka nyumba yake ni ya ngapi na iko upande gani wa mtaa!