Kinachozaa Punje Mpya Ndani ya Metali Iliyofuliwa Ikiwa Moto: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu metali iliyofuliwa au kupitishwa kwenye rola ikiwa moto ni kwamba joto peke yake ndilo linaloipatia punje mpya, na kwamba tanuri likizidi kuwa kali, metali nayo itazidi kuwa imara. Ukweli ni kwamba joto huwezesha tu, na kinachosukuma mabadiliko hayo ni nishati iliyobaki ndani ya metali baada ya kugongwa au kubanwa. Metali tunazotumia kila siku ni mkusanyiko wa punje, na kila punje ni fuwele ambayo atomi zake zimejipanga kwa safu. Punje zinapobanwa, safu hizo huvurugwa na kasoro za mstari ziitwazo disilokesheni, ambazo huweza kuongezeka zaidi ya mara elfu. Mwaka 1934, watafiti G. I. Taylor na H. Quinney walionyesha nchini Uingereza kwamba sehemu kubwa ya kazi inayotumika kuibana metali hugeuka kuwa joto, na ni sehemu ndogo tu inayosalia ndani yake. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayozaa punje changa zenye kasoro chache, ambazo hukua kwa kumeza zile zilizovurugika.

Kwa sababu hiyo, kipande cha shaba ambacho tayari kimelegezwa, yaani kimepashwa moto hadi kikawa laini, hakipati punje mpya kikirudishwa tanurini bila kugongwa. Punje zake za zamani hunenepa tu, na kipande huzidi kuwa laini. Chuma huwachanganya wengi hapa. Chuma safi kikivuka nyuzi 912 za Selsiasi, mpangilio wa atomi zake hubadilika na punje mpya huzaliwa hata kama hakijaguswa na nyundo, lakini hilo ni tukio jingine lenye chanzo chake. Wala hakuna kuyeyuka popote katika mambo haya, kwani yote hutendeka metali ikiwa yabisi.

Wengine huamini kwamba kazi ya moto, yaani kufua au kubana metali ikiwa moto, ni ile inayofanywa metali ikiwa nyekundu. Mpaka halisi ni uwezo wa metali husika kuunda punje mpya katika joto lililopo. Metali ya risasi huunda punje mpya katika joto la kawaida, ndiyo maana mvuvi anaweza kuigonga kwenye nyavu bila kuiona ikikakamaa, ilhali tangsteni inayofuliwa kwenye nyuzi 1,000, iking'aa kabisa, kitaalamu bado inafuliwa baridi. Hata kwa metali moja hakuna kipimo kimoja cha joto kisichobadilika: kubanwa sana hukishusha, na uchafu au viungo vya aloi (metali nyingine zilizochanganywa ndani yake) hukipandisha. Shaba safi sana huanza kuunda punje mpya kwenye nyuzi 120 hivi, ilhali aloi ya asilimia 60 ya shaba na 40 ya zinki hungoja hadi karibu nyuzi 475.

Dhana inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni ile inayosema kwamba nyundo ikishainuliwa, kazi imekwisha. Katika shaba, nikeli na chuma kilicho katika hali ya ostenaiti (mpangilio wa atomi ambao chuma huwa nao kikiwa moto sana), punje mpya huweza kuzaliwa wakati metali ingali inabanwa. Mbegu za punje hizo zilizochipuka wakati huo huendelea kukua mara tu mbano unapoachiliwa, bila kungoja chochote, na mahali ambapo hazikuchipuka, nyingine huchipuka baadaye. Ostenaiti yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 huweza kulegea kwa sekunde chache tu kati ya rola moja na inayofuata. Mtafiti anayetaka kuona hali ilivyokuwa hulazimika kukizamisha kipande majini papo hapo, na hata hivyo picha ya hadubini huweza kuwa na punje zilizokua katika muda ule mfupi wa kucheleweshwa. Alumini haifuati mkondo huo kwa urahisi, kwa sababu disilokesheni zake hujipanga upya na kufutana mapema, hivyo nishati inayobaki ni ndogo.

Si kweli pia kwamba punje mpya zinatakiwa kila mara. Watengenezaji wa bamba za mabomba ya mafuta na gesi huongeza metali iitwayo niobi kwenye chuma, wakati mwingine chini ya asilimia 0.05, kwa makusudi ya kuzizuia zisizaliwe katika mizunguko ya mwisho ya rola. Ostenaiti hubaki bapa na iliyojaa kasoro, na inapopoa hugeuka kuwa punje ndogo sana za feriti (mpangilio wa atomi wa chuma kilichopoa), zinazoongeza nguvu na ushupavu kwa pamoja. Kinyume chake, metali iliyobanwa kidogo mno, kwa asilimia chache tu, kisha ikapashwa moto, hupata mbegu haba, na kila mbegu hukua bila mshindani hadi punje zikawa kubwa kuliko zilizokuwapo mwanzoni. Mapigo mepesi ya mwisho, ambayo wengi huyaona hayana madhara, yakifuatwa na tanuri huweza kuharibu kazi iliyofanywa vizuri.